Henry Bessemer na Upepo Ndani ya Chuma

Puliza chai ya moto iliyomo kikombeni, nayo itapoa. Sasa puliza makaa yaliyomo jikoni, nayo yatazidi kuwaka. Pumzi ni ile ile na kinywa ni kile kile. Kwa nini basi pumzi hiyo inapoza kitu kimoja na kuwasha kingine? Fikiri kidogo kabla ya kuendelea kusoma, kwa maana katika sura hii utapata habari za mtu aliyepuliza hewa baridi ndani ya chuma kilichoyeyuka. Mafundi waliomwona walitazamia kuwa chuma kile kingepoa na kuganda chunguni. Hakikuganda. Kilizidi kuwa cha moto, mpaka moto wake ukawatisha wote waliokuwapo.

Jina la mtu huyo ni Henry Bessemer. Alizaliwa tarehe 19 Januari, 1813, katika kijiji cha Charlton, jimbo la Hertfordshire, nchini Uingereza. Baba yake, Anthony, alikuwa fundi aliyewahi kuishi Paris, kisha akaikimbia Ufaransa wakati wa mapinduzi makubwa ya nchi hiyo. Kijijini alikuwa na karakana ya kusubu herufi za kupigia chapa. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu, ili yakiganda yapate umbo la kalibu hiyo. Henry aliacha shule mapema akaomba kufanya kazi na baba yake. Hakusomea sayansi ya madini katika chuo cho chote. Utaona baadaye kwamba jambo hilo lilimsaidia, na pia lilimponza.

Alipokuwa kijana alihamia London, na huko akagundua kuwa watu wadanganyifu walikuwa wakibandua stempu za serikali kutoka katika hati kuukuu na kuzitumia tena bila kulipa ushuru. Akabuni mhuri wa namna mpya ambao usingeweza kuigwa wala kutumiwa mara mbili. Maofisa wa serikali walipendezwa, wakamwahidi kazi ya kusimamia mihuri hiyo. Kwa furaha akamweleza mchumba wake, Ann Allen. Binti huyo akamwuliza swali rahisi: je, haitoshi kuandika tarehe tu juu ya kila stempu? Henry aliona mara moja kwamba shauri la Ann ni bora kuliko mashine yake yote. Akalipeleka serikalini kwa uaminifu. Serikali ikalikubali shauri hilo, na kwa kuwa mashine mpya haikuhitajiwa tena, kazi aliyoahidiwa nayo ikatoweka. Hakulipwa hata senti. Tangu siku ile Bessemer alijifunza kulinda uvumbuzi wake, ama kwa hati ya serikali imkatazayo mtu mwingine kuutumia bila idhini, ama kwa kuufanya kuwa siri.

Njia ya siri aliitumia miaka michache baadaye. Dada yake alimwomba aandike jina juu ya jalada la kitabu chake cha picha, naye Henry akaenda dukani kununua unga wa shaba nyeupe unaong'aa kama dhahabu. Alistaajabia bei. Unga ule uliuzwa kwa bei kubwa mara nyingi kuliko shaba yenyewe, kwa kuwa ulisagwa kwa mikono huko Nuremberg, Ujerumani. Akabuni mashine za kuusaga. Ili mtu ye yote asizijue, aliagiza vipande vyake kutoka kwa mafundi mbalimbali, akaviunganisha mwenyewe, na waliofanya kazi ndani ya nyumba ile iliyofungwa walikuwa shemeji zake tu. Siri hiyo ilitunzwa kwa zaidi ya miaka 30. Kumbuka unga huu, kwa sababu fedha zake ndizo zilizomwokoa hapo baadaye.

Mwaka 1853 vita ilianza kati ya Urusi na Uturuki, na mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikaingia upande wa Uturuki. Bessemer alibuni kombora lililozunguka likiwa angani ili liende sawasawa. Majeshi ya Ufaransa yalilijaribu huko Vincennes mwezi wa Desemba 1854, nalo likaruka vizuri. Lakini ofisa mmoja aliuliza kama kulikuwa na mzinga wenye nguvu ya kurusha kombora zito namna ile bila kupasuka. Hapakuwa nao. Bessemer alirudi London akiwa na shauri jingine kabisa kichwani: aache kombora, atafute chuma kilicho imara zaidi. Alikuwa na umri wa miaka 41, na habari za chuma alizozijua zilikuwa chache sana.

Sasa ni lazima tuache habari zake kidogo, tutazame chuma chenyewe.

Madini ya chuma yanapoyeyushwa katika tanuri pamoja na makaa, chuma kinachotoka huwa kimemeza kaboni nyingi kutoka katika makaa hayo. Katika kila kilo 100 za chuma hicho, karibu kilo 4 ni kaboni. Chuma cha namna hiyo kinaitwa chuma cha kusubu. Huyeyuka kwa urahisi na kumiminika vizuri, lakini ukikipiga nyundo huvunjika kama chungu. Ukiondoa karibu kaboni yote, unapata chuma laini ambacho mhunzi anaweza kukifua atakavyo, ila hakina ugumu wa kutosha. Kati ya hivyo viwili kipo chuma cha pua. Chuma cha pua kina kaboni kidogo tu, mara nyingi chini ya kilo 1 katika kila kilo 100. Ni kigumu, tena hakivunjiki ovyo. Jembe jema, msumeno, wembe na reli hutengenezwa kwa chuma cha pua.

Je, watu wa Ulaya walikuwa wakiiondoaje kaboni kabla ya Bessemer? Walikoroga. Chuma kiliyeyushwa katika tanuri lililo wazi kama beseni, na mfanyakazi mmoja, akiwa amesimama mbele ya moto mkali, alikikoroga kwa fimbo ndefu ya chuma ili kila sehemu ipate kukutana na hewa iliyopita juu yake. Kaboni iliungua kidogo kidogo. Lakini kadiri kaboni inavyopungua, ndivyo chuma kinavyohitaji moto mkali zaidi ili kibaki kimiminiko, na tanuri lile halikuwa na moto huo. Kwa hiyo chuma kilizidi kuwa kizito mikononi mwa mkorogaji, kama uji unaogeuka kuwa ugali mgumu. Wewe uliyepata kusonga ugali wa watu wengi unajua jinsi mkono unavyochoka. Fikiri basi ugali wa chuma, mbele ya moto mkali, kutwa nzima. Wengi wa watu hao walichakaa mapema.

Na hapo bado wamepata chuma laini tu. Ili kupata chuma cha pua, vipande vya chuma laini vilifukiwa katika unga wa makaa na kuchomwa kwa muda wa wiki nzima au zaidi, kisha vikayeyushwa katika vyungu vidogo vya udongo. Chungu kimoja kilitoa kilo 20 hadi 25 hivi. Ndiyo sababu chuma cha pua kilikuwa ghali mno, kikatumiwa kwa visu na saa, si kwa madaraja.

Turudi kwa Bessemer. Katika nyumba yake ya majaribio huko St Pancras, London, alikuwa akiyeyusha chuma cha kusubu katika tanuri ambalo hewa ilipita juu yake. Siku moja aliona vipande viwili pembeni mwa tanuri ambavyo havikuyeyuka ingawa moto ulikuwa mkali. Akaongeza hewa. Havikuyeyuka. Alipovichokoa kwa fimbo alikuta ni maganda matupu: chuma cha ndani kilikuwa kimekwisha kuyeyuka na kutoka, na ganda lililobaki lilikuwa chuma laini. Mtu mwingine angevitupa. Yeye akajiuliza ni kitu gani kilichoondoa kaboni katika maganda yale. Palikuwa na hewa tu. Ikiwa hewa inayogusa nje ya kipande imefanya hivyo, itakuwaje ikipitishwa katikati ya chuma kilichoyeyuka?

Kabla hujasoma majibu yake, fanya jaribio hili. Chukua glasi ya maji yaliyotulia. Dondosha tone la wino taratibu. Litashuka likitanda kama moshi, na dakika kadhaa zitapita kabla rangi haijaenea kila mahali. Sasa mwaga maji hayo, weka mengine, dondosha tone jingine, kisha chukua bua la jani la mpapai lililo wazi ndani, ulifikishe chini ya glasi na kupuliza. Usinyonye, puliza tu. Tazama viputo. Kila kiputo kinapopanda hubeba maji juu pamoja nacho. Maji hayo yakifika juu huenda pembeni, yakashuka kando ya glasi, yakarudi katikati na kupandishwa tena. Rangi imeenea mara moja, wala hukutumia kijiko. Hewa imekuwa mwiko.

Hivyo ndivyo alivyofanya Bessemer. Alijenga chungu kikubwa cha matofali yanayostahimili moto, kilichosimama wima, chenye matundu sita karibu na kitako chake. Mashine ya mvuke ilisukuma hewa kwa nguvu kupitia matundu hayo. Nguvu hiyo ilikuwa ya lazima: bila hiyo chuma kizito kingeteremka na kuziba matundu. Mwaka 1856 akamimina ndani kiasi cha kilo 350 za chuma kilichoyeyuka. Hakuweka makaa wala kuni.

Kwa muda wa dakika kumi hivi palikuwa na utulivu. Cheche chache zilitoka juu, na chuma kilisikika kikitokota. Kisha, ghafula, moto mkubwa mweupe uliruka kutoka katika mdomo wa chungu. Ikafuata milipuko, na chuma pamoja na mavi ya chuma vikarushwa juu angani kama volkano. Kizibo cha kufungia hewa kilikuwa karibu na chungu chenyewe, na hapakuwa na mtu aliyeweza kukikaribia. Paa za nyumba jirani zilikuwa hatarini kuungua. Hapakuwa na la kufanya ila kusimama mbali na kutazama. Baada ya dakika kumi nyingine moto ulishuka wenyewe. Walipotoboa chungu, chuma kilichotoka kilimeremeta na kumiminika kama maji, nacho kilikuwa kimepoteza kaboni yake.

Sasa unaweza kujibu lile swali la chai na makaa. Chai haina kitu cha kuungua, kwa hiyo pumzi huchukua joto lake tu. Makaa ni kaboni, na kaboni ikipata oksijeni iliyomo hewani huungua na kutoa joto. Chuma cha kusubu kina kaboni ndani yake, na pia silikoni na manganizi, ambazo nazo huungua. Kila kiputo cha hewa kilikuwa jiko dogo lililowaka ndani ya chuma chenyewe. Gesi zilizozaliwa humo zilizidi kukikoroga, na ukorogaji huo ulileta kaboni nyingine mbele ya viputo vipya. Joto lilipita nyuzi 1,600 za sentigredi, ambalo mkorogaji wa zamani hakulipata kamwe. Kwa hiyo hapakuwa na ugali. Kilibaki uji mwepesi mpaka mwisho. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nyingi ilikwisha kwa chini ya nusu saa.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Bessemer alieleza uvumbuzi wake mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Cheltenham. Magazeti yakauchapa, na katika muda wa mwezi mmoja wenye viwanda wakamlipa paundi 27,000 ili waruhusiwe kuutumia. Wakajenga vyungu, wakapuliza hewa, wakaona moto ule ule mweupe. Lakini chuma chao kilikuwa kibovu. Kilipofuliwa kilipasuka. Magazeti yaliyomsifu yakamgeuka, na watu wakamwita mdanganyifu.

Hakuwa mdanganyifu. Hapa ndipo upungufu wa elimu yake ulipomponza. Chuma alichotumia London kilitoka Blaenavon, katika nchi ya Wales, na kwa bahati tu kilikuwa na fosforasi kidogo sana. Madini mengi ya Uingereza yana fosforasi nyingi, na fosforasi hukifanya chuma kivunjike kikiwa baridi. Upepo wake haukuweza kuiondoa. Mimi naona kosa kubwa zaidi lilikuwa haraka: aliuza ruhusa kabla ya kujaribu madini ya mahali pengine. Lakini hakukimbia. Kwa miaka kama miwili aliendelea na majaribio kwa fedha za ule unga wa shaba, akawaajiri wanakemia wampimie kila chuma, mpaka ajabu ya fosforasi ikafahamika. Akatafuta chuma kisicho nayo kutoka Sweden, na baadaye kutoka kaskazini-magharibi ya Uingereza. Huko Sweden kwenyewe, Göran Göransson alifaulu mwaka 1858 kwa kuongeza upepo.

Kulikuwa na tatizo la pili. Kaboni ikiisha, oksijeni haingoji: huanza kuunguza chuma chenyewe, na masalio ya oksijeni humdhoofisha huyo chuma. Dawa yake aliipata mtu mwingine, Robert Mushet, aliyeishi karibu na msitu wa Dean. Mushet alitia ndani ya chuma kilichokwisha kupulizwa kiasi kidogo cha chuma chenye manganizi na kaboni. Manganizi iliikamata oksijeni na kuingia nayo katika mavi ya chuma, na kaboni ikarudi kwa kipimo kinachotakiwa. Mwaka 1857 reli ya chuma cha pua iliyotokana na kazi yake iliwekwa katika stesheni ya Derby, mahali ambapo reli za chuma laini zilikuwa zikibadilishwa kila baada ya miezi sita. Miaka kumi baadaye reli ile ilikuwa bado inatumika.

Hata hivyo Mushet hakutajirika. Ada ya hati yake haikulipwa kwa wakati, ikapotea, na Bessemer akaitumia dawa ile bila malipo. Sheria ilimruhusu. Mwaka 1866 Mary, binti wa Mushet, mwenye miaka 16, alisafiri peke yake mpaka London akamkabili Bessemer na kumweleza kuwa utajiri wake umejengwa juu ya kazi ya baba yake. Bessemer hakukiri deni, lakini tangu hapo alimlipa Mushet paundi 300 kila mwaka mpaka mwisho wa maisha yake. Yeye aliyenyimwa malipo ya stempu alikuwa sasa upande wa pili wa meza. Nakuachia wewe upime kama paundi zile zilitosha.

Wenye viwanda walipokataa kumwamini tena, Bessemer alijenga kiwanda chake mwenyewe mjini Sheffield mwaka 1858, katikati ya mafundi wa vyungu vidogo, akaanza kuuza chuma cha pua kwa bei nafuu kuliko wao. Wakamfuata upesi. Mwaka 1860 alipata hati ya chungu bora zaidi, chenye umbo kama yai, kilichoshikiliwa pembeni kwa mihimili miwili ili kiweze kuinamishwa kama birika. Kikilala, chuma hukaa mbali na matundu. Kikisimamishwa, upepo hupita katikati ya chuma. Ile hatari ya siku ya kwanza ilikwisha. Huko Marekani, William Kelly wa Kentucky naye alikuwa amepuliza hewa katika chuma, akapewa hati mwaka 1857, na baadaye hati zake na za Bessemer zilitumiwa pamoja.

Si kila alichobuni kilifaulu. Kwa kuwa alitapika sana baharini, alitengeneza meli yenye ukumbi uliotakiwa kukaa sawa wakati meli inapoyumba. Mwaka 1875 meli hiyo iliigonga gati ya Calais, Ufaransa, na habari zake zikaishia hapo.

Fosforasi nayo ilimngoja kijana mwingine. Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama mjini London, alijifunza kemia jioni baada ya kazi. Alitambua kuwa fosforasi huungua ndani ya chungu, lakini haina mahali pa kushikamana, kwa hiyo hurudi katika chuma. Kati ya mwaka 1878 na 1879, pamoja na binamu yake Percy Gilchrist, alionyesha kuwa chungu kikitandikwa kwa mawe ya jamii ya chokaa, na chokaa ikitiwa ndani, fosforasi hushikwa katika mavi ya chuma. Mavi hayo yalisagwa yakawa mbolea. Mwaka 1879 pia serikali ilimpa Bessemer cheo cha Sir, kwa ajili ya ile stempu ya ujanani. Alifariki London tarehe 15 Machi, 1898, akiwa na umri wa miaka 85.

Chungu chake hakitumiki tena kama alivyokiacha. Hewa si oksijeni tupu. Sehemu yake kubwa ni nitrojeni, na nitrojeni iliyobaki hukifanya chuma kivunjike kirahisi. Tangu mwaka 1952, kwanza mjini Linz, Austria, viwanda vilianza kupuliza oksijeni tupu kutoka juu. Lakini viputo kutoka chini havikuachwa. Chuma cha pua kikiisha kusafishwa humiminwa katika ndoo kubwa sana, ya tani 100 au 200 au zaidi, na chini ya ndoo kuna tofali lenye vinyweleo. Hapo hupitishwa gesi iitwayo argoni, ambayo haiunguzi kitu wala haiungui. Kazi yake ni moja: kukoroga. Viputo hupanda katikati vikivuta chuma, chuma hutambaa juu kuelekea pembeni, hushuka kando ya ukuta na kurudi, kama maji ya glasi yako. Takataka ndogo ndogo zilizomo ndani hupandishwa na kunaswa na mavi ya chuma yanayoelea. Fundi hutazama mahali viputo vinapotokea, panapong'aa kama jicho katikati ya mavi hayo. Jicho likipanuka mno, hewa ya nje inakigusa chuma na kukichafua upya, naye hupunguza gesi.